Miti na maua yetu yapamba ng'ambo, kwetu twakumbatia ya wageni

Ingia katika afisi ya chifu yoyote hapa nchini, shule ya msingi au uwanja wa kanisa, na aghalabu utapokewa na sura ile ile. Langoni pamejitanda bogenvilia ya rangi ya zambarau. Pembezoni mwa njia yamepangwa mawe yaliyopakwa chokaa. Ua ni wa msaipresi uliokatwa ukanyooka kama nywele za kuruta siku yake ya kwanza kambini. Katikati ya uwanja umesimama mjakaranda, na kule nyuma, karibu na vyoo, mikaratusi imepanda juu hata shingo inauma ukiitazama.

Sasa hebu tuwatenge wenyeji na wageni. Bogenvilia ilitoka Amerika ya Kusini. Msaipresi huu wa ua ni wa Mexico na nchi zilizo jirani nayo. Mjakaranda ni wa Argentina na Bolivia. Mkaratusi kwao ni Australia. Katika pambo lote hilo, wenyeji halisi ni yale mawe.

Si kwamba Mungu alitunyima. Kenya ina takriban aina 7,000 za mimea ya asili, kuanzia mikoko ya Lamu hadi mimea ya baridi kali ya Mlima Kenya. Imo yenye maua ya kila rangi, imo ya kivuli, imo ya miiba inayoweza kumzuia mwizi na mbuzi wa jirani kwa pamoja. Lakini mwambie mtu apande mtandamboo mbele ya nyumba yake ya mawe, naye atakutazama kana kwamba umemwambia arudie kuvaa ngozi. Kwa wengi wetu mmea wa kienyeji ni kichaka, na kichaka ni cha kufyekwa. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao, ila inaonekana katika mambo ya bustani hatukuwasikia.

Ng'ambo

La kushangaza ni kwamba watu wa mbali waliziona mali zetu kitambo. Mwaka 1892, afisa wa utawala wa Kijerumani kule Tanga, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka kwao mmea mdogo wenye maua ya zambarau uliotoka Usambara. Mmea huo ukapewa jina lake, Saintpaulia, na hadi leo huuzwa vyunguni kote Ulaya na Marekani, ukawekwa madirishani na akina nyanya wasiojua Usambara iko wapi. Jamaa zake wa porini humea hapa Kenya pia, juu ya miamba ya chokaa ya Cha Simba katika Kaunti ya Kilifi. Je, msomaji, umewahi kuuona katika bustani ya jirani yako?

Kabla ya hapo, Dkt. John Kirk, aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza huko Zanzibar, alikuwa amepeleka kwao ua jingine la Afrika Mashariki, lile laini lenye shina la majimaji ambalo huchanua kivulini mwaka mzima, jekundu, jeupe au la waridi. Wataalamu wa Uingereza walilipa jina la kumheshimu Sultani wa Zanzibar: Impatiens sultani. Jina hilo la kitaalamu limebadilishwa baadaye, lakini ua ni lile lile, na yamkini hata wewe umewahi kulinunua kando ya barabara ukidhani limetoka Uholanzi.

Kuna nyasi pia. Ile inayoitwa Kikuyu grass, ambayo huku twaikata kulisha ng'ombe, imepandwa katika nyanja za michezo na gofu za Australia, Afrika Kusini na jimbo la California. Kuna Nandi flame, ule mti wa maua mekundu kama moto ambao Waswahili huuita kibobakasi. Umepandwa kando ya barabara za visiwa vingi vya Bahari ya Pasifiki. Na mwaka 2022 Wakenya walistaajabu kuona mibuyu mizima mizima iking'olewa na mizizi yake huko Kilifi ili isafirishwe hadi Georgia, nchi iliyo kwenye pwani ya Bahari Nyeusi, ikapambe bustani. Kelele zilipopanda, Rais William Ruto aliamuru uchunguzi ufanywe mwezi Novemba mwaka huo.

Lakini hapa pana jambo la kutia maanani. Huko Hawaii na Fiji, ile Nandi flame yetu haikutulia barabarani ilikopandwa. Mbegu zake ni nyepesi na zina ubawa kama karatasi, hivyo upepo ulizibeba hadi misituni, ukawa ni mti wa kero. Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, limeuweka katika orodha ya viumbe vamizi 100 vilivyo vibaya zaidi duniani. Nyasi yetu nayo huko California hupigwa vita kama gugu.

Je, mti mwema wa Nandi umekuwaje jambazi? Sababu ni rahisi. Kwao mmea una wadudu wanaoutafuna, magonjwa yanayoupunguza na majirani wanaoshindana nao kwa maji na jua. Ukisafirishwa, huwaacha adui zake wote nyumbani. Ukiipenda hali ya hewa ya ugenini, hakuna wa kuuzuia. Kwa hiyo ubaya hauko katika mmea, uko katika mahali ulipopelekwa. Na yale yaliyowapata watu wa Hawaii kutokana na mti wetu, sisi yametupata maradufu kutokana na mapambo ya wengine.

Pambo likawa balaa

Waulize wafugaji wa Laikipia. Wakati wa ukoloni, dungusi kakati, ambayo wengine huiita mpungate, ililetwa huko iwe ua na pambo la bustani. Matunda yake mekundu yalipendwa na nyani, ndege na ndovu, nao wakazitawanya mbegu kila walikokwenda. Leo maeneo makubwa ya malisho yamefunikwa. Mbuzi aliyezidiwa na njaa huyala matunda hayo pamoja na vimiiba vyake vidogo kama nywele. Huchomwa midomoni, hupata vidonda kooni na tumboni, na wengine hupofuka macho. Katika miaka ya 2010 ilibidi waletwe wadudu maalum kutoka nje ili wafyonze maji ya dungusi hizo. Fikiria: mtu mmoja alitaka bustani ya kupendeza, na vitukuu vya jirani zake sasa wanahesabu mbuzi vipofu.

Gugu maji nalo lilianza hivyo hivyo. Lililetwa barani Afrika kutoka Amerika ya Kusini kwa sababu ya maua yake mazuri, lipambe vidimbwi vya bustani. Kufikia mapema miaka ya 1990 lilikuwa limefika upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, na mvuvi wa Kisumu akaamka siku moja akakuta mashua yake imefungwa na zulia la majani. Lantana, yenye vijiua vya rangi mbili tatu katika kishada kimoja, ilikuwa ua la wazungu. Leo imo katika kila kichaka kuanzia Karura hadi Homa Bay.

Mathenge ya Baringo haikuletwa kuwa pambo. Ililetwa katika miaka ya 1980 ili kupatikane kuni na kuzuiwe jangwa. Hata hivyo yafaa itajwe, kwa maana ndiyo iliyowafanya wananchi waende mahakamani. Mwaka 2006 wakazi waliishtaki serikali, na mbuzi aliyeng'oka meno kwa kula maganda matamu ya mathenge akaletwa Nairobi awe ushahidi. Watu walicheka mbuzi kufika mahakamani. Mwenye mbuzi hakucheka.

Isifikiriwe kwamba wageni wote ni maadui. Mwembe ulitoka Asia, parachichi lilitoka Amerika ya Kati, na mtu akikuambia uikate hiyo mfukuze. Mimi mwenyewe sina ugomvi na jakaranda za Nairobi zinapochanua mwezi wa Oktoba, ijapokuwa Afrika Kusini wameuorodhesha mti huo miongoni mwa miti vamizi. Ninachouliza ni kwa nini katika uwanja wenye nafasi ya miti kumi, yote kumi iwe ya wageni.

Reli

Mazoea haya yana chanzo chake. Mkaratusi uliletwa Kenya mwaka 1902 kwa sababu ya reli: injini za gari la moshi zilikula kuni, na misitu ya asili ilikuwa inaisha. Mwaka 1907 ikaanzishwa Arboretum ya Nairobi, si kwa ajili ya wapenzi kupiga picha siku ya Jumapili kama ilivyo sasa, bali kujaribu ni miti gani ya kigeni ingekua upesi. Walowezi nao, kwa upweke wao, walipanda nyumbani mwao maua waliyoyazoea. Mpishi na mtunza bustani wakayaona, wakachukua vipandikizi, wakapeleka kijijini. Hivyo ndivyo bustani ya mzungu ilivyogeuka kuwa kipimo cha ustaarabu, nasi hadi leo hatujakibadilisha.

Wasomaji wa makamo watakumbuka kilichowapata wenye nyua za msaipresi. Mwaka 1990 vidukari vya msaipresi viliingia nchini. Nyua zilizotunzwa kwa mkasi miaka ishirini ziligeuka kahawia, zikakauka zikiwa zimesimama, mtaa baada ya mtaa. Ua wa mmea wa aina moja ni kama familia inayokula kutoka sahani moja: akiugua mmoja, wote hulala.

Aliyelitambua jambo hili mapema kuliko wengi wetu ni marehemu Profesa Wangari Maathai. Alikuwa akisimulia jinsi mamake alivyomkataza asiokote kuni chini ya mugumo uliokuwa karibu na kwao Ihithe, Nyeri, kwa kuwa ulikuwa mti wa Mungu. Karibu na mti huo palikuwa na kijito alichozoea kuchezea. Aliporudi baadaye akiwa msomi alikuta mugumo umekatwa, na kijito kimekauka. Ndipo alipong'amua kwamba mizizi ya mti ule ilikuwa ikipenya mwambani na kuyapandisha maji. Mnamo Juni 5, 1977, yeye na wenzake wa Baraza la Kitaifa la Wanawake waliandamana hadi uwanja wa Kamukunji, Nairobi, wakapanda miti saba ya kuwakumbuka viongozi saba waliokuwa wamefariki. Miongoni mwake ilikuwamo Nandi flame. Na siku aliyopokea habari kwamba ameshinda Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, akiwa Nyeri, alichofanya ni kuchimba shimo kwa mikono yake na kupanda Nandi flame nyingine, akiuelekea Mlima Kenya.

Mwezi Novemba 2020, mugumo wa Waiyaki Way huko Westlands, uliokuwa umekaa takriban karne moja, nusura ukatwe ili kupisha barabara ya Expressway. Wananchi walipiga kelele, Rais Uhuru Kenyatta akaamuru uachwe. Barabara ikapita, na mti ungalipo. Hakuna aliyeandamana kwa ajili ya mkaratusi.

Tupande nini?

Tuanze na ua, maana ndio unaoonwa kwanza. Kaiyaba wengi huidhani ya kwetu, kumbe ilitoka kusini mwa Afrika. Jina lenyewe ni "Kei apple" lililopindwa na ndimi zetu, na Kei ni mto wa huko. Badala yake kuna mtandamboo. Wakikuyu huuita mukawa, Wamaasai olamuriaki, Waluo ochuoga. Una miiba ya kutosha, maua meupe yanayonukia jioni, na matunda madogo meusi ambayo watoto watayamaliza kabla hujajua yameiva. Mizizi yake Wamaasai huitia katika supu ya nyama. Hauhitaji maji mengi. Ubaya wake ni kwamba haukui haraka kama msaipresi, kwa hiyo mwenye pupa atatilia nguzo na waya mwaka wa kwanza na wa pili.

Palipo na ukame, mnyaa, ambao Waluo huuita ojuok, umezunguka maboma tangu zamani za babu. Tahadhari tu: utomvu wake mweupe ukiingia jichoni huunguza vibaya. Wakikuyu walipanda itoka mipakani, yungiyungi lisilokufa kwa urahisi, na mpaka uliowekwa kwa itoka uliheshimiwa kuliko bikoni za siku hizi.

Kwa upande wa maua, mwamba ngoma hauna mpinzani. Hupukutisha majani wakati wa kiangazi, kisha hujivika maua mekundu matupu, na ndege wadogo wanaoitwa chozi hujazana kunyonya asali. Waluhya huuita murembe na wazee wao waliutumia kulishia watu viapo. Wakikuyu huuita muhuti. Chini yake panda mishubiri, yenye vishada vya rangi ya chungwa vinavyochanua wakati kila kitu kingine kimekauka. Kwa wenye joto na mchanga, waridi la jangwani la kaskazini na mashariki ya nchi, lenye shina nene kama chupa na maua ya waridi, hukaa hata chunguni kwenye veranda. Na asiye na nafasi kabisa apande saga, ile mboga ambayo Wakisii huiita chinsaga na Waluo dek. Ikiachwa ikachanua hutoa maua mepesi yanayopendeza machoni, na kabla ya hapo imeshakulisha.

Kwa kivuli, nyanda za juu zina mringaringa, ambao Wakikuyu huuita muringa. Maua yake meupe hupendwa sana na nyuki. Magharibi kuna lusiola, kwa Waluo siala, mti mwembamba wenye maua ya manjano ambao haumwibii jirani nafasi na ambao hutoa nguzo za nyumba. Mukinduri hukua upesi, na ndio jibu kwa wale wanaosema miti ya kienyeji huchelewa. Mwenye ardhi kubwa na subira apande mutarakwa, mutamaiyu au podo, wajukuu watamkumbuka.

Lakini neno "kienyeji" lisituhadae. Mti wa Kakamega si mwenyeji wa Kitengela. Tambarare za Athi zilikuwa za nyasi na migunga, juu ya udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kunata masika. Ukipeleka huko mti wa msitu wa mvua utakuwa umefanya kosa lile lile la mlowezi, ila kwa safari fupi zaidi. Tazama kilichobaki kando ya mto, makaburini, au mahali ambapo trekta haikufika. Majina ya mahali nayo husema mengi. Mbuyuni ilikuwa na mbuyu. Mikindani, Mombasa, palikuwa na mikindu. Mugumoini hapakosi kuwa na mugumo uliosimama hapo, na Tarakwa ya Uasin Gishu inatukumbusha mutarakwa. Hata Muthaiga ya matajiri ilichukua jina la mti wa dawa, muthiga, ambao gome lake chungu akina mama wa zamani walilitafuna kwa kikohozi. Leo ukiingia mtaani humo kuna bogenvilia tele.

Majirani

Ploti ya hamsini kwa mia haiwezi kubeba mugumo. Tusidanganyane. Mizizi yake itaingia chini ya nyumba na ndani ya tangi la maji taka. Nandi flame nayo matawi yake huvunjika kwa upepo, hivyo isikaribie paa. Ndiyo maana shughuli hii haifai kuachiwa mtu mmoja mmoja. Mtaa wenye nyumba mia moja una barabara, una kipande cha wazi kisichonyakuliwa, una shule, kanisa na msikiti. Mugumo mmoja katika uwanja wa shule unatosha mtaa mzima. Ndege na nyuki hawajui ploti ni ya nani. Wanachohitaji ni chakula cha kuwavusha kutoka mti huu hadi ule. Kila nyumba ikipanda kichaka kimoja cha mtandamboo na mshubiri mmoja, mtaa umepata bustani bila yeyote kutoa shamba lake.

Mfano uko Gede. Tangu mwaka 1993 wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke wamekuwa wakifuga vipepeo chini ya mradi uitwao Kipepeo, na buu waliojifunga katika vifuko husafirishwa ng'ambo kwa maonyesho. Kiwavi ni mchaguzi kuliko mtoto aliyedekezwa. Kila aina hula majani ya miti fulani tu, na kwa wengi miti hiyo ni ya kwao msituni. Kwa hiyo mkulima alilazimika kuipanda miti ya msitu karibu na nyumba yake mwenyewe. Mti uliokuwa ukifyekwa ukawa ni karo ya shule. Watu hao hao hapo awali walitaka msitu ukatwe wagawiwe mashamba.

Vikwazo havikosekani. Katika sehemu za Kakamega mila ilimkataza mwanamke kupanda mti, kwa imani kwamba angekosa uzazi au mumewe angekufa. Aliyepanda mti alihesabiwa kuwa anadai ardhi. Ni mila inayofifia, ila mahali ilipo, kikundi cha akina mama chaweza kuanza na kitalu na maua, vitu ambavyo havikuwahi kumtisha mzee yeyote. Hofu nyingine ni nyoka. Watu husema bustani ya kienyeji itaficha nyoka. Nyoka hufuata panya, na panya hufuata takataka na rundo la mbao nyuma ya jikoni. Kata nyasi fupi kuzunguka nyumba, ondoa marundo, panda vichaka mbali na mlango. Mimea ya asili haimaanishi kuacha kufyeka.

Wenye watoto wadogo wajue pia kwamba si kila cha kwetu ni salama. Utomvu wa waridi la jangwani ulitumiwa kutengeneza sumu ya mishale, na mbegu nyekundu za mwamba ngoma ni za ushanga, si za kutafunwa. Hata hivyo anayekataa mimea hiyo kwa sababu ya sumu achungulie kwanza kwake: yamkini ana thevetia ya maua ya manjano, mgeni kutoka Amerika, ambayo mbegu zake zaweza kuua.

Serikali ilizindua mnamo Desemba 2022 mpango wa kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032, na Novemba 13, 2023 ikawa sikukuu ya kitaifa ya kupanda miti. Nia ni njema. Wasiwasi wangu ni kwamba katika shughuli za aina hii kinachohesabiwa ni idadi ya miche na kinachopigwa picha ni koleo la mheshimiwa. Mche wa mkaratusi na wa mutamaiyu huandikwa katika daftari kama kitu kimoja. Vilabu vya 4K, vilivyofufuliwa shuleni mwaka 2021, vingeweza kuleta tofauti hapa ikiwa kila shule itaotesha mbegu za miti iliyo ndani ya kilomita chache za lango lake, badala ya kungoja lori la miche kutoka mbali.

Mbegu zenyewe si taabu. Taasisi ya utafiti wa misitu, KEFRI, huuza mbegu za miti mingi ya asili katika kituo chake cha Muguga. Lakini nyingi utaziokota bure. Mwamba ngoma hauhitaji hata mbegu: kata tawi nene, liache siku chache kidonda kikauke, kisha lisimike mvua ikikaribia. Mbegu za mtandamboo zitoe katika tunda lililoiva, zioshe, zipande siku hiyo hiyo. Za muthiga hazihifadhiki, zikikauka zimekufa, kwa hiyo wawahi tumbili. Kokwa la mutamaiyu ni gumu na hupasuliwa polepole bila kuumiza kiini. Mishubiri omba vichipukizi kwa jirani, usiing'oe porini; biashara yake baina ya nchi, isipokuwa ile iitwayo aloe vera, inadhibitiwa kwa mkataba wa kimataifa.

Mashimo yachimbwe mapema, kabla ya masika ya Machi au vuli ya Oktoba, na udongo wa juu urudishwe ndani ukiwa umechanganywa na mbolea. Mche ukishakaa, tandaza nyasi kavu kuuzunguka ila zisiguse shina, na umwagie maji katika viangazi viwili vya kwanza, yale yale ya kusuuzia vyombo yanatosha. Baada ya hapo hautakuomba tena.